Upaji wa Thamani kwa Pamoja katika Lugha za Programu: Mfano wa Takwimu za Handeni na Korogwe

1.0 Utangulizi

Makala haya yanachunguza upaji wa thamani kwa pamoja, yaani kauli moja ya programu inayovipa vigeu viwili au zaidi thamani zake kwa mara moja. Dhana hii ni tofauti na ile ya Algol 60, ambamo thamani moja iliweza kupewa vigeu vingi. Edsger Dijkstra aliitumia katika kitabu chake cha mwaka 1976, na sasa imo katika Python, Lua na Go. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba kauli hiyo si ufupisho wa maandishi tu, bali ni suala la maana.

2.0 Kubadilishana thamani

Chukulia kwamba karani mkoani Tanga amekosea: magunia 65 ya mahindi ya Korogwe ameyaingiza katika kigeu H cha Handeni, na magunia 40 ya Handeni katika kigeu K cha Korogwe. Akisahihisha kwa kauli mbili zinazofuatana, H := K kisha K := H, vigeu vyote viwili vitakuwa na 40. Idadi ya Korogwe imepotea, wala programu haikutoa onyo. Njia ya kawaida ni kuihifadhi kwanza thamani moja katika kigeu cha tatu. Kauli H, K := K, H haikihitaji, kwa kuwa upande wa kulia husomwa wote kabla ya chochote kubadilishwa. Maana hiyo inakaribiana na ya kitenzi "badilishana": kiambishi -an- hakimtaji wa kutangulia.

3.0 Utata wa upande wa kushoto

Hata hivyo, mfuatano unaweza kurejea kwa siri. Tuseme A[0] ni Handeni, A[1] ni Korogwe, na k ni 0. Katika kauli k, A[k] := 1, 90, Python hubadilisha k kwanza, hivyo 90 huenda Korogwe. Go hukokotoa fahirisi ya A[k] kabla ya kubadilisha k, hivyo 90 huenda Handeni.

4.0 Hitimisho

Kwa hiyo, mbunifu wa lugha hana budi kubainisha mambo matatu: wakati wa kusoma thamani, wakati wa kutambua mahali pa kuziweka, na mfuatano wa kuziweka. Akinyamaza, wilaya moja itahesabiwa mavuno ya nyingine.