Muhogo Mchungu na Siku Tatu za Kuloweka

Mkulima apandaye muhogo mchungu ana sababu zake. Wanyama waharibifu huukwepa, nao huhimili ukame pale mahindi yanaponyauka. Lakini uchungu huo huandamana na linamarini, ambayo ni sukari aina ya glukosi iliyofungamana na sumu ya sianidi.

Seli za muhogo zikivunjika, linamarini hukutana na kimeng'enya kinachoivunja, na sianidi hufunguka. Ndiyo maana muhogo uliomenywa hulowekwa siku tatu hadi ulainike, kisha huanikwa juani: sehemu kubwa ya sumu hupotelea majini na hewani. Kuuchemsha pekee hakutoshi, kwa kuwa moto huharibu kimeng'enya na kuiacha linamarini.

Hatari huja wakati wa njaa. Ukame huzidisha sumu katika mizizi, na familia isiyo na akiba hufupisha siku za kuloweka. Samaki, maziwa na mayai, vyakula viupavyo mwili salfa ya kuondolea sianidi, navyo huadimika. Hapo huzuka konzo, ugonjwa wa kupooza miguu. Mwaka 1981 uliwapata watu zaidi ya 1,100 mkoani Nampula, Msumbiji, wengi wao watoto na wanawake. Mwaka 1985 ulizuka wilayani Tarime, Tanzania.

Mhudumu wa afya atautambua konzo kwa miguu yote miwili kukakamaa ghafla. Katika polio, kiungo hulegea, mara nyingi cha upande mmoja. Konzo hauna dawa ya kurudisha miguu katika hali yake. Mazoezi na magongo humsaidia mgonjwa kutembea. Basi, tumuulize kwa upole: muhogo wa nyumbani ulilowekwa siku ngapi? Jibu lake laweza kuwaokoa ndugu zake.

Nawe unayepika, ukiutilia shaka unga ulio nao, uchanganye na maji, uutandaze kwa tabaka jembamba kwa saa mbili juani au saa tano kivulini, kisha uupike siku hiyohiyo. Mtu akitapika au kupata kizunguzungu baada ya kula muhogo, awahishwe kituo cha afya.

Tusiuache muhogo mchungu, kwani ndio unaotuvusha katika ukame. Tusizipunguze siku zake tatu.