SOMO: Siku Moja, Maziwa Matatu



Katika mkutano wa kamati ya parokia moja karibu na Gilgil, mama mmoja aliuliza bila kuficha: kwa nini watu waache kazi siku nzima na kuchoma petroli kwenda kutazama ndege, ilhali kitalu chetu cha miche hakina maji ya kutosha? Swali hilo ni la haki, na wafadhili wetu pia wanastahili kusikia jibu lake. Tulikubaliana kwenda siku moja tu, kwa matatu ya kukodi, kila mtu akichangia kutoka mfukoni mwake. Mama huyo tulimwomba aje nasi.

Ziwa la kwanza: Elmenteita

Tuliondoka saa kumi na mbili asubuhi, tukasimama mahali pa kutazamia ziwa kando ya barabara kuu ya Nairobi–Nakuru. Kwa miaka mingi mwari, wale ndege weupe wenye mfuko chini ya mdomo, wametaga mayai Elmenteita na kuruka hadi Ziwa Nakuru kuvua samaki. Samaki hao, aina ya tilapia, waliletwa Nakuru katika miaka ya 1950 na 1960 ili wale viluwiluwi vya mbu. Basi mwari hulea watoto wake kwa maziwa mawili. Likiharibika moja, yote mawili yamemponyoka.

Ziwa la pili: Nakuru

Hifadhi hii ya Taifa ilijulikana duniani kwa heroe, ambao wengi wetu huwaita flamingo. Wazee katika gari letu walikumbuka ufuo wote ukiwa wa rangi ya waridi. Siku hiyo tuliona wachache mno, na vijana wakauliza kama wamekufa.

Heroe mdogo hula mwani mdogo sana, anaouchuja kwa mdomo uliogeuzwa juu chini. Mwani huo hustawi katika maji yenye magadi mengi. Tangu mwaka 2010 hivi maji ya maziwa ya Bonde la Ufa yamepanda, yakafunika barabara za hifadhi na nyumba za watu. Magadi yamezimuliwa, na chakula cha heroe kimepungua. Utafiti wa picha za satelaiti uliochapishwa mwaka 2024 ulionyesha kwamba kati ya 2009 na 2022 eneo la Ziwa Nakuru liliongezeka kwa asilimia 91, huku kipimo cha mwani kikishuka kwa nusu.

Ziwa la tatu: Bogoria

Tulivuka Ikweta Mogotio, tukafika Bogoria alasiri. Hapo, karibu na chemchemi za maji moto, tuliwakuta heroe kwa maelfu. Hawakuwa wamekufa; walikuwa wamehama. Lakini hata Bogoria si kwao pa kuzalia. Katika Afrika Mashariki, mahali wanapotegemea kuzaliana ni Ziwa Natron, ng'ambo ya mpaka, Tanzania. Ndiyo maana mwaka 2011 UNESCO iliyaweka maziwa haya matatu pamoja katika orodha ya Urithi wa Dunia. Ndege hawajui mpaka wa parokia, wa kaunti wala wa nchi.

Tulichojifunza

Mvua nyingi ndiyo sababu kubwa ya maji kupanda, na kamati ya parokia haiwezi kuizuia mvua. Lakini udongo unaosombwa kutoka mashambani hadi ziwani, huo tunaweza kuupunguza. Tukiwa njiani kurudi, yule mama alisema: "Miche yetu tumeipanda kuzunguka kanisa, mahali inapoonekana. Mto Mbaruk unaingia Elmenteita, na kingo zake ziko wazi." Mwezi uliofuata kamati iliamua kwamba miche ya msimu ujao iende kingo za mto, iwe ya miti ya asili na si mikaratusi. Hilo ndilo jibu letu.

Kwa kamati inayotaka kwenda

- Ondokeni mapema. Ndege huonekana vizuri asubuhi.
- Kiingilio cha Nakuru hulipwa kwa mtandao. Bogoria iko chini ya Kaunti ya Baringo na ina kiingilio chake.
- Bebeni darubini hata moja, daftari na maji ya kunywa. Andikeni tarehe, mahali na ndege mliowaona, ili mwaka ujao mlinganishe.
- Mkisimama, zimeni injini. Msipige honi wala kuwarushia ndege chakula, na msishuke garini mahali pasiporuhusiwa.

Maswali ya kujadili

1. Maji ya mvua kutoka mashamba yetu huishia wapi?
2. Wazee wetu wanakumbuka ndege gani ambao watoto hawawajui?
3. Je, miti yetu tumeipanda panapoonekana, au panapohitajika?