AC ya Gari la Baba: Kabla Hujaongeza Gesi, Jibu Maswali Matano

Mwaka jana nilifaulu somo la thamodinamiki kwa B+. Nilichora mzunguko wa jokofu ubaoni mbele ya darasa, wenzangu wakanipigia makofi. Likizo ilipofika nikarudi nyumbani Mbagala, na huko ndiko B+ yangu ilikokwenda kupimwa.

Baba anaendesha gari dogo la Kijapani la mwaka 1999. Ndilo linalotulisha, na ndilo linaloziba pengo la ada ambalo mkopo haulifiki. Januari, Dar es Salaam ilipoanza kuchemka, abiria wakaanza kulalamika kwamba AC haipoozi. Wengine walishuka njiani. Baba akaenda kwa fundi, akajaziwa gesi kwa sh. 60,000. Baada ya wiki mbili akarudi tena. Mara ya tatu pesa aliikopa kwenye kikoba cha mama, na mimi sikuambiwa.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Injinia, hiki kitu huko chuoni hawawafundishi?"

Nikacheka, lakini maneno yalinichoma. Fomula nilikuwa nazo zote, ila boneti sikujua nianze kugusa wapi. Ninayoyaandika hapa ndiyo niliyojifunza kwa siku mbili, ili mwenzangu mwenye gari la zamani nyumbani asiyanunue kwa bei tuliyonunulia sisi.

Kwanza tuelewane: AC haitengenezi baridi. Inachukua joto ndani ya gari na kulitupa nje. Ni kama mtungi wa maji wa bibi: maji yanapotoka kwenye vitundu vya udongo na kugeuka mvuke, yanaondoka na joto, yaliyobaki yanapoa. Kwenye magari ya miaka ile gesi inayotumika kwa kawaida ni R-134a, ambayo kwa kanieneo ya kawaida ya hewa huchemka kwenye nyuzi 26 chini ya sifuri. Ndani ya dashibodi kuna evapoleta. Humo gesi huchemka na kunywa joto la hewa tunayopuliziwa. Kompresa huivuta na kuikandamiza. Kisha huenda kwenye kondensa, ile iliyo mbele ya rejeta, ambako hutema joto na kurudi kuwa kimiminika. Halafu hupita kwenye vali nyembamba, kanieneo inashuka, safari inaanza upya.

Ukielewa hapo, utaona kwamba AC dhaifu inaweza kuugua sehemu nyingi, na gesi ni moja tu kati ya hizo. Haya sasa, maswali matano, kwa utaratibu huu.

1. Upepo ni hafifu, au upepo ni mwingi ila hauna ubaridi? Kama ni hafifu, usiguse gesi. Angalia chujio la hewa ya ndani, ambalo kwa magari yaliyo nalo mara nyingi hukaa nyuma ya kisanduku cha mbele ya abiria. Angalia pia feni ya ndani. Vumbi la mtaani kwetu unalijua.

2. Kompresa inashika? Washa injini, kisha washa AC ukiwa umesimama karibu na boneti. Utasikia "tak!" na kuona klachi ya kompresa ikizunguka pamoja na mkanda. Isiposhika, angalia fyuzi na relei. Ikumbukwe kwamba gesi ikipungua sana, swichi ya kanieneo huizuia kompresa isifanye kazi ili isijiue.

3. Feni ya kondensa inazunguka? AC ikiwashwa, kwenye magari mengi madogo feni ya mbele nayo lazima iwake. Tazama tu, usiingize mkono. Inaweza kuanza bila kukuaga. Tazama pia kama mapezi ya kondensa yamezibwa na matope au wadudu.

4. Inapooza gari likitembea tu, ikikaa foleni inakata? Hili ndilo swali lililotuokoa, nitalirudia.

5. Geji zinasema nini? Hapa unahitaji fundi. Pande zote mbili zikisoma chini, gesi imepungua, maana yake kuna mahali inavuja. Pande zote zikisoma juu, ama gesi imezidi ama kondensa haitupi joto. Upande wa chini ukisoma juu na wa juu ukisoma chini, ishukie kompresa, huenda imechoka.

Nilipomuuliza Baba swali la nne, hakufikiri hata kidogo. "Asubuhi nikishika njia ya Kibaha inapooza safi kabisa. Nikikwama Tazara, inakuwa oveni."

Nikapima. Nje nyuzi 33, na hewa iliyotoka kwenye dashibodi gari likiwa limesimama ilikuwa nyuzi 21. Gari zima lingetoa kati ya 5 na 10, labda zaidi kidogo siku ya fukuto. Tukafungua boneti: kuna feni mbili, moja inazunguka, ya pili imelala. Iliyokuwa nzima ndiyo ya rejeta, kwa hiyo injini haikuchemka na mshale wa joto haukumwonya Baba. Nikachukua jagi la maji, nikaimwagia kondensa polepole, mbali na waya. Dakika hiyohiyo hewa ya ndani ikaanza kushuka. Baba akanitazama, hakusema kitu.

Yaani ugonjwa ulikuwa kutupa joto. Gari likitembea, upepo wa barabarani ulifanya kazi ya feni. Likisimama, joto halikuwa na pa kwenda. Na kila tulipoongeza gesi tulizidisha tatizo. Kiasi sahihi huandikwa kwa gramu kwenye karatasi iliyobandikwa chini ya boneti. Gari dogo mara nyingi hutaka gramu 400 hadi 600 hivi. Sisi tulikuwa tunaongeza kwa makadirio juu ya iliyokuwemo.

Tulipata mota ya feni ya mtumba Ilala kwa sh. 45,000. Kisha tukaenda kwa fundi mwenye mashine ya kunyonya gesi na mizani. Alipounga geji, upande wa juu ulipita 350; kwa joto la siku ile tulitegemea kati ya 200 na 250. Akanyonya yote, akarudisha iliyopimwa.

"Mwanangu, gesi siyo petroli," akaniambia. "Haichomwi ikaisha. Ikipungua haraka, tafuta inapotokea. Viungo vyenye alama ya mafuta, anzia hapo."

Jioni ile, tukiwa tumesimama, dashibodi ilisoma nyuzi 9.

Tahadhari mbili. Usifungue bomba la AC mwenyewe: gesi ikikurukia inagandisha ngozi, na jicho unaweza kulipoteza. Pia usikubali gesi iachiwe hewani. Gramu kwa gramu, R-134a hupasha dunia zaidi ya mara elfu moja kuliko kaboni dioksaidi, ndiyo maana nchi zilikutana Kigali mwaka 2016 zikakubaliana kupunguza gesi za jamii hiyo.

Je, yule fundi wa kwanza alituibia? Nilitaka kuamini hivyo. Nikamuuliza Baba alimwambia nini siku ile ya kwanza. Akafikiri. "Nilimwambia, nijazie gesi."

Naye akajaza. Tulikwenda na dawa mkononi badala ya kueleza tunapoumwa. Hivyohivyo hufanya wengi wetu duka la dawa, na hata kwenye utafiti wa mwaka wa mwisho, ambako jibu huandikwa kabla ya swali. Ukienda gereji, usiseme "jaza gesi". Sema: "Inapooza nikitembea, inakata nikisimama, tangu wiki mbili zilizopita."

Deni la kikoba tulimaliza kulilipa Machi. Baba bado ananiita Injinia, ila siku hizi hacheki anapolitamka.