Kupe ya Dizeli: Usiulize Imetembea Kilomita Ngapi, Uliza Imetembeaje

Ukikaa kantini na watu wa mwaka wa mwisho, mazungumzo hayamalizi dakika kumi kabla gari halijatajwa. Wengi wetu tutaanza na IST au Vitz, na hakuna ubaya wowote. Ila lipo kundi, na mimi nimo, linaloota gari la milango miwili: BMW 320d, Mercedes-Benz C 220 CDI, Audi A5 TDI. Yaani kupe. Jina hilo asili yake ni Ufaransa, lakini Kiswahili nacho kina kupe wake, yule anayejibana kwenye ngozi ya ng'ombe akanyonya damu kimya kimya. Ukinunua kupe ya dizeli kwa kutazama rangi na rimu tu, utaelewa haraka kwa nini majina haya mawili yanafanana.

Nasoma uhandisi mitambo, na mafunzo kwa vitendo niliyafanyia kwenye gereji moja hapa Dar. Pale nililisikia swali moja kila siku kutoka kwa wanunuzi: "Imetembea kilomita ngapi?" Kwa gari la dizeli la kisasa, jibu la swali hilo linakwambia kidogo sana. Dizeli iliyokimbia kilomita 200,000 kwenye barabara kuu inaweza kuwa nzima kuliko iliyotembea 80,000 za foleni mjini. Swali lenye faida ni: imetembeaje? Somo hili linahusu jinsi ya kupata jibu hilo bila kumtegemea dalali.

Zinatoka wapi, na kwa nini ni bei chee

Magari mengi ya mitumba tunayoyaona yametoka Japani, lakini kupe ya dizeli utakayoletewa huenda ikawa imetoka Uingereza. Sababu ipo. Mwaka 1999 gavana wa Tokyo, Shintaro Ishihara, alianzisha kampeni kali dhidi ya moshi wa dizeli, na Oktoba 2003 Tokyo na majirani zake wakazuia malori na mabasi ya dizeli yasiyofikia kiwango cha masizi. Kwa Wajapani, dizeli kwenye gari dogo ikawa kitu cha kukimbiwa.

Uingereza ilikwenda njia nyingine. Kuanzia Machi 2001, kodi ya barabara kwa magari mapya ilipangwa kwa kiasi cha hewa ya ukaa kinachotoka. Injini ya dizeli hutoa hewa hiyo kwa uchache zaidi kwa kila kilomita, basi watu wakahamia huko, hata kwenye kupe. Upepo ukageuka Aprili 2019, London ilipoanzisha eneo la ULEZ: dizeli isiyofikia kiwango cha Euro 6 hulipa pauni 12.50 kwa siku. Tarehe 29 Agosti 2023 eneo hilo likatanuliwa hadi London nzima. Kupe nyingi za miaka ya 2007 hadi 2014 ziko chini ya Euro 6, kwa hiyo zimekuwa mzigo kwa wenyewe huko.

Hapo ndipo bei nafuu inapotoka. Lakini kumbuka TRA huongeza ushuru kwa ajili ya umri wa gari. Kabla hujashangilia bei ya Southampton, ingiza gari kwenye kikokotoo cha TRA mtandaoni uone bei ya Dar.

Anza na makaratasi, kabla ya funguo

Gari lililotoka Uingereza lina zawadi moja: historia yake iko wazi. Kila gari kule likifikisha miaka mitatu hupimwa kila mwaka kwa mtihani unaoitwa MOT, na matokeo yanasomeka bure kwenye tovuti ya serikali yao ukiwa na namba ya zamani ya usajili. Namba hiyo iko kwenye hati ya Uingereza iliyokuja na gari. Mwuzaji akisema hati imepotea, mwambie utasubiri aitafute.

Kwenye rekodi hiyo angalia mambo matatu. Kwanza, umbali uliosomwa kila mwaka. Gari lililokimbia maili 15,000 kwa mwaka lilikuwa la safari ndefu. La maili 3,000 lilikuwa la kwenda dukani na kurudi. Kwa dizeli, hilo la pili ndilo la kuogopa, nami nitaeleza kwa nini. Pili, makosa yanayojirudia, hasa yanayotaja moshi na kutu. Barabara za kule humwagiwa chumvi wakati wa baridi, kwa hiyo lazima uingie uvunguni na tochi. Tatu, usichanganye vipimo: dashibodi ya Uingereza husoma maili. Ukiona 90,000, hizo ni karibu kilomita 145,000.

Kwa gari lililokwisha sajiliwa hapa, usidanganywe na "namba E". Herufi hizo zinasema gari lilisajiliwa Tanzania lini, hazisemi lilitengenezwa lini. Linganisha namba ya chesisi iliyoko kwenye kadi na iliyogongwa kwenye gari lenyewe, herufi kwa herufi. Angalia madeni ya faini kwenye mfumo wa trafiki, na hakikisha jina lililo kwenye kadi ndilo la anayepokea hela.

Nenda asubuhi, injini ikiwa baridi

Mwambie mwuzaji asiliwashe kabla hujafika. Ukifika, weka kiganja juu ya boneti. Likiwa la moto, ahirisha. Kuna kitu kimefichwa au kuna mtu hajasikiliza. Dizeli huonyesha magonjwa yake ikiwa baridi.

Likiwaka, simama nyuma utazame moshi. Mweupe wa sekunde chache si tatizo. Mweupe unaoendelea huku injini ikitetemeka unaelekeza kwenye nozeli au hita plagi. Wa bluu ni oili inayoungua, mara nyingi kutoka kwenye tabo. Mweusi mzito ukikanyaga mafuta ni dalili kwamba hewa ni pungufu au dizeli imezidi.

Nozeli ziheshimu. Mfumo wa dizeli wa kisasa husukuma mafuta kwa mgandamizo unaopita baa 1,600, wakati tairi lako lina baa mbili na kidogo. Kwa nguvu hiyo, maji au uchafu kidogo kwenye dizeli hula nozeli kama msasa. Fundi mwenye vifaa anaweza kupima kiasi ambacho kila nozeli inarudisha kwenye tangi. Ikitofautiana sana na wenzake, hiyo ni gharama inayokusubiri.

Sikiliza pia cheni ya taimingi. Injini ya BMW iitwayo N47, iliyomo kwenye 320d kupe, ina cheni upande wa nyuma, kwenye gia boksi, na zile za 2007 hadi karibu 2011 zinajulikana kwa cheni kulegea na hata kukatika. Kelele ya kukwaruza kutoka nyuma ya injini asubuhi si "kawaida ya dizeli, bro". Kufika kwenye cheni hiyo kunahitaji kushusha injini au gia boksi, na ikikatika vavu hugongana na pistoni. Audi A5 ya TDI ya lita 2.0 hutumia beliti. Hapo uliza ilibadilishwa lini, na uone risiti.

Chujio la masizi: moyo wa somo

Sasa tufike kwenye swali letu la imetembeaje. Kwenye ekzosi ya dizeli hizi kuna chujio la masizi, ambalo mafundi hulijua kwa herufi DPF. Masizi yanajikusanya humo, na gari hujisafisha lenyewe kwa kuyachoma kwa joto la karibu nyuzi 600. Ili joto hilo lifikiwe na kudumu, gari linahitaji mwendo wa kasi usiokatika, kama dakika 15 hadi 20 hivi. Dar hadi Morogoro, chujio linacheka. Chuo hadi Mwenge na kurudi kila siku, linaziba.

Likianza kujisafisha, kompyuta ya gari hunyunyiza dizeli ya ziada. Ukizima gari katikati ya kazi hiyo mara kwa mara, sehemu ya dizeli huteremka na kuchanganyika na oili. Ndiyo maana kipimo muhimu kuliko vyote hakigharimu kitu: chomoa kijiti cha oili. Oili ikiwa juu ya alama ya mwisho na inanuka dizeli, gari hilo limeishi maisha ya foleni, hata kama dashibodi inasoma kilomita chache. Oili iliyochujuka hivyo hailindi tena tabo wala cheni.

Kipimo cha pili ni kitambaa cheupe. Gari likiwa limezimwa na bomba limepoa, futa ndani ya mdomo wa ekzosi. Chujio zima huacha bomba karibu safi. Kitambaa kikitoka cheusi tii, chujio limepasuka au limeshatolewa na ganda lake kuachwa tupu. Kule Uingereza gari lililotolewa chujio hufeli MOT. Huku watu hulitoa ili kukwepa gharama, kisha kompyuta hudanganywa isiwashe taa. Anayekuuzia gari hilo anakuuzia tatizo lililofichwa, na sisi tunaolala hosteli karibu na maegesho tunapata moshi wake. Mwaka 2012 Shirika la Afya Duniani, kupitia taasisi yake ya utafiti wa saratani, liliuweka moshi wa dizeli kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu.

Pale gereji aliletwa kijana aliyekuwa na miezi michache tu kazini. Kupe yake ilikuwa inang'aa, kilomita ni chache, ndani imenyooka. Oili ilikuwa juu ya alama kwa vidole viwili. Tabo ilikuwa imekufa, na nozeli mbili zinaifuata. Mkopo wa benki ulikuwa unakatwa kwenye mshahara, na HESLB nao asilimia 15 yao. Alikuwa analipia gari lililokaa kwetu huku yeye anapanda mwendokasi. Kumweleza ilichukua dakika tano; kijiti cha oili kingemweleza kwa sekunde kumi siku ya kununua.

Barabarani na kwenye kompyuta

Liendeshe wewe, si kiti cha pembeni. Kwenye gia ya tatu, kutoka mizunguko 1,500 kanyaga taratibu hadi 3,000. Nguvu ije kwa ulaini, kama mtu anayekusukuma mgongoni. Ikikatika au taa ikawaka, tabo au mabomba yake yana shida. Kwa gari la gia za mkono, sikiliza mgongano kama wa sufuria unapozima injini. Mara nyingi ni flaiwili iliyochoka, na bei yake itakuliza.

Kisha lipa fundi wako, siyo wa dalali, aunganishe kompyuta. Hata taa ikiwa imezimwa, asome kiwango cha masizi kwenye chujio na umbali tangu lilipojisafisha mara ya mwisho. Kumbukumbu ikiwa imefutwa asubuhi ile ile, hilo nalo ni jibu.

Yanayohusu umbo la kupe

Milango ya kupe ni mirefu na mizito. Ifungue nusu, inyanyue kwa mkono: ikicheza, bawaba zimechoka. Vioo vyake mara nyingi havina fremu, hivyo hushuka kidogo mlango unapofunguliwa. Kisiposhuka, mota au mpira vina kasoro na mvua itaingia. Jaribu viti vya mbele vinavyoinama kupitisha abiria wa nyuma, na mikanda yote minne.

Gari liko chini, na matuta yetu hayana huruma. Tazama sampo kama imekwaruzwa na kama ngao ya uvunguni ipo. Mwisho inua zulia. Harufu ya ukungu au tope jembamba kwenye pembe maana yake gari limeogelea. Jangwani ikijaa maji, kupe ndiyo ya kwanza kunywa, na injini ya dizeli ikivuta maji hupinda konirodi.

Je, inakufaa?

Ukipata kupe yenye rekodi ya safari ndefu, oili iliyo kwenye alama, bomba safi na asubuhi tulivu, nunua bila woga. Barabara ndefu itakupa karibu kilomita 18 hadi 20 kwa lita. Weka akiba ya matengenezo kabla ya kuweka rimu mpya, na jaza dizeli kwenye vituo vyenye wateja wengi.

Lakini jiulize na wewe swali lile lile: utaitembezaje? Kama maisha yako ni chuo, Mwenge na Mlimani City, hata kupe nzima utaiua mwenyewe ndani ya mwaka. Mtu wa safari fupi achukue ya petroli. Na kama bado hela ni ya boom, ndugu yangu, kwa sasa jifunze kusoma kijiti cha oili, gari litakuja.