SOMO LA FAMILIA: FRIMASONI NA UONGO WA MIAKA KUMI NA MIWILI

Somo la leo ni juu ya vyama vya siri. Tumeliweka kwa sababu maneno yamekuwa mengi: mtu akifungua duka, au familia ikiitwa kwa safari ya nchi ya tatu, basi inasemwa "wameingia Frimasoni".

Chama hiki kilitokana na mafundi waashi wa Ulaya, waliochonga mawe ya makanisa makubwa. Kwa mapokeo yao wenyewe, uongozi wao mkuu wa kwanza uliundwa London mwaka 1717. Wana viapo, alama za kutambuana na ngazi za uanachama. Kanisa Katoliki liliwakataza waumini wake kujiunga mwaka 1738, na katazo likarudiwa 1983 na 2023. Si wote hujificha: marehemu Sir Andy Chande, mfanyabiashara wa Tanzania aliyefariki 2017, alisema wazi kuwa ni mwanachama.

Iluminati, ambao vijana wetu huwatafuta katika kila video ya muziki, ni chama kingine. Kilianzishwa na profesa wa sheria, Adam Weishaupt, huko Bavaria, Ujerumani, tarehe 1 Mei 1776. Serikali ilikipiga marufuku 1784 na tena 1785, kikafa.

Basi hadithi za mashetani zilitoka wapi? Nyingi zilienezwa na Mfaransa aliyejiita Léo Taxil. Alikuwa akilitukana Kanisa. Mwaka 1885 akadai ametubu. Yeye na wenzake wakaandika vitabu juu ya Frimasoni wanaomwabudu shetani, hata kuna habari ya mamba anayepiga piano! Watu walinunua, wakaamini. Mwaka 1887 Papa Leo wa 13 alimpokea. Kisha akatangaza ushuhuda wa Diana Vaughan, mwanamke aliyetoka eti kwa shetani. Barua zake zilisomwa, yeye mwenyewe hakuonekana. Tarehe 19 Aprili 1897 watu walikusanyika Paris wamwone. Taxil akasimama akasema yote aliyatunga, miaka kumi na miwili.

Alikiri mwenyewe, lakini hadithi zake hazikufa. Mwaka 1903 nchini Urusi likatoka andiko lililodai Wayahudi na Frimasoni wanapanga kuitawala dunia. Mwaka 1921 gazeti la The Times la London lilionyesha kuwa lilinakiliwa kutoka kitabu cha zamani. Wafuasi wa Hitler walilitumia hata hivyo. Sisi tuliokimbia tunajua orodha za majina huanzaje.

Na ule ujumbe wa simu unaoahidi utajiri ukituma "ada ya kujiunga" ni utapeli. Usitume hata shilingi.

Someni nyumbani Isaya 8:12, Kumbukumbu la Torati 19:15-19 na Yohana 18:20. Mjadiliane: jirani anaposemwa, ni nani aliyeona kwa macho yake, na nani alikuwa wa kwanza kusema?