Virusi vya Rota na Seli za Utumbo: Kwa Nini ORS Hufaa Ingawa Kuhara Huendelea

Katika machimbo ya wachimbaji wadogo wa dhahabu, kama Rwamgasa na Nyarugusu mkoani Geita au Mwakitolyo mkoani Shinyanga, mzazi akimpa mtoto ORS kisha akaona bado anahara, huweza kuiacha akidhani haina maana. Uamuzi huo ni wa hatari. Sababu yake imo katika seli ambazo virusi vya rota huzishambulia.

Ukuta wa ndani wa utumbo mwembamba umejaa vijidole vidogo mno. Seli huzaliwa katika vishimo vilivyo chini ya vijidole hivyo, hupanda huku zikikomaa, na baada ya siku chache hufika nchani na kubanduka. Mwaka 1973, mjini Melbourne, Australia, Ruth Bishop na wenzake waliviona virusi hivi kwa hadubini ya elektroni ndani ya seli za utumbo wa watoto wenye kuhara.

Virusi vya rota hushambulia hasa seli zilizokomaa, zilizo karibu na ncha. Hizo ndizo hufyonza maji na virutubisho na kumeng'enya sukari ya maziwa. Zikifa, maji hubaki utumboni. Protini ya virusi nayo huchochea umwagaji wa maji zaidi. Tena, virusi huingia katika seli zitoazo serotonini, ambayo huamsha neva zinazopeleka taarifa kwenye ubongo. Hiyo ni sababu mojawapo ya kutapika.

Hata hivyo, seli za vishimoni kwa kawaida husalimika, na hata juu yake madhara huwa ya madoamadoa. Seli zilizo nzima zina milango inayopitisha glukosi pamoja na sodiamu, na maji hufuata. ORS hupitia milango hiyo. Kazi yake si kufunga kuhara, bali kurudisha maji yanayopotea wakati vishimo vikizalisha seli mpya. Antibayotiki haziui virusi hivi.

Kwa hiyo, mtoto aendelee kunyonya na kula. Apewe ORS kila anapohara; akitapika, subiri dakika 10, kisha umpe kidogo kidogo. Apewe pia zinki kwa siku 10 hadi 14: miligramu 10 kwa siku akiwa chini ya miezi 6, na miligramu 20 akizidi umri huo. Akishindwa kunywa, akilegea, macho yakididimia au kinyesi kikiwa na damu, apelekwe kituo cha afya bila kuchelewa.

Chanjo ya rota imo katika ratiba ya Tanzania tangu 2013, na huanza mtoto akiwa na wiki 6. Familia inayohamia machimbo mapya isiiache nyuma kadi ya kliniki, na mhudumu wa afya atakayempokea mtoto huyo aikague kadi hiyo siku hiyohiyo, kwa kuwa chanjo hii hutolewa katika umri mdogo.