Mvule dume na mvule jike: tujue mbele ya kukata



Wengi wetu tunajua mvule kwa ajili ya mbao tu. Wanunuzi wanauita iroko ao kambala. Mchwa hawauwezi kwa urahisi, ndiyo maana bei yake iko juu. Lakini kuna jambo ambalo mkulima anapashwa kujua mbele ya kushika shoka: mvule iko dume na jike, kila moja mti wake.

Kuutambua

Shina ni nene, linaweza kufika metri 2 kwa upana, tena linapanda wima bila matawi mpaka juu sana. Mti mzima unaweza kufika metri 50. Ukikwaruza ganda, maziwa meupe yanatoka, kwa vile mvule ni wa jamaa moja na mtini.

Dume na jike

Wakati wa maua, angalia juu, angalia na chini. Mti dume unatoa maua marefu, membamba, meupe, yenye kuning'inia sawa mikia. Mti jike unatoa maua mafupi, manene, ya kijani. Jike peke yake ndiyo inazaa matunda: ya kijani, laini, marefu kama kidole. Popo wanayakula usiku na kutawanya mbegu mbali.

Sasa, kijiji kikikata majike yote, mbegu zimekwisha. Kikikata madume yote, majike yanakosa unga wa maua, na mbegu nzuri hakuna.

Tufanye nini?

1. Wakati wa maua, tieni alama ya rangi: D kwa dume, J kwa jike. Acheni ya aina zote mbili, yenye afya na shina wima.
2. Okoteni matunda yaliyoiva, osheni mbegu, pandeni upesi. Mbegu ni ndogo sana na nguvu yake inaisha haraka.
3. Msipande mvule peke yake uwanja mzima. Kadudu kanaitwa Phytolyma kanaleta vimbe kwenye majani machanga, kisha ncha ya mche inakufa. Changanyeni na mazao na miti mingine.
4. Wakati wa kupalilia, tunzeni miche yenye kujiotea. Majani yake yana meno pembeni, hayafanane na ya mti mkubwa, na wengi wanaing'oa bila kujua.

Kwa mkutano ujao, kila kikundi kihesabu: kwetu madume yamebaki ngapi, na majike ngapi?